Uzito Uliobaki Mlimani

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi, Nyirabizimana alipandishwa kwenye mizani ya zahanati ya Kabazana, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na mshale haukutikisika. Muuguzi Angella alisubiri kidogo, kama ampaye mtu nafasi ya kumaliza usemi wake, kisha akachora mstari katika safu ya uzito badala ya tarakimu na kumwita mgonjwa mwingine. Aliuchora kwa mkono, bila rula, nao ulipinda kila mara. Musoni, mume wa Nyirabizimana, aliyewafundisha useremala vijana wa shule ya misheni kwa miaka kumi na tisa kabla ya vita, aliutazama mstari ule, akauacha kama ulivyo, kwa kuwa mtu mzima hasahihishi daftari lisilo lake.

Jambo lenyewe halikuwa geni. Uzito wa Nyirabizimana ulibaki Mulenge siku ile waliyoteremka milima ya Kivu Kusini wakikimbia, na yeye akavuka mipaka bila huo. Mvua iliponyesha alikatiza uani asiache unyayo. Chochote alichokalia nacho kilipoteza uzito wake mpaka alipoondoka, hata majirani wakawa wakimwomba akalie gunia la mahindi linapotakiwa kuhamishwa. Pale Kabazana walikuwapo wengine saba wa namna yake. Daftari lilikuwa na mistari minane.

Mwaka jana miguu yake ilikataa kusimama. Daktari mmoja alimwita Musoni pembeni, akamwambia kwamba mama huyo hatauona msimu mwingine wa mavuno. Musoni alimshukuru, akavaa kofia yake, akarudi nyumbani akiikumbuka ahadi.

Siku ya ndoa yao, mbele ya mchungaji na mbele ya kundi la ng'ombe la baba mkwe, aliahidi kwamba mke wake atalala siku zote mahali pa kusikia ng'ombe wakikamuliwa alfajiri. Huko Mulenge aliitimiza miaka kumi na mmoja. Nakivale, katika miaka ishirini na miwili, hakuitimiza hata alfajiri moja. Walikuwa na mbuzi. Naye rafiki yake Aloysius, sajini mstaafu wa kambi ya jeshi ya Mbarara, alikuwa na ng'ombe thelathini huko Bwizibwera, wenye pembe ndefu kama wale wa nyumbani.

"Mulete mama kwangu," Aloysius alisema. "Chumba iko, kitanda iko. Hakuna maneno."

Nyirabizimana, akiwa kitandani, alikataa.

"Mu nyumba ya batu silale, Baba Muhirwa, na hii miaka yangu. Mwanamuke analala fasi anapikia."

Musoni aliliona neno hilo, kwamba mwanamke hulala mahali apikiapo, kuwa la haki. Basi ikabidi nyumba iende.

Muhirwa, mwana wao aliyehamishiwa ughaibuni, alikuwa ametuma picha ya trela dogo la kulala, lenye umbo la tone la maji: mbele duara, nyuma likishuka taratibu hadi ncha. Ndani mlikuwa na godoro tu. Nyuma palikuwa na kifuniko cha kuinua, na chini yake rafu ya jiko. Musoni aliitazama picha hiyo siku tatu, akaona makosa mawili katika mlango, akaanza kazi.

Ilimchukua miezi mitano. Ekseli aliipata Mbarara, kwenye gari lililokwisha kuoza. Mbavu alizikata kwenye mikalitusi, akazipiga randa hadi mwanga ukaanza kuonekana kwa mbali kupitia kwazo, akatoboa mashimo mahali ambapo mti haukuwa na kazi ya kufanya. Ngozi ilikuwa plaiwudi ya milimita tatu, iliyolowekwa maji na kupindwa pole pole, kama alivyokuwa akiwafundisha vijana kupinda mgongo wa kiti. Juu yake alivuta turubai, akalipaka rangi mara nne. Hakupiga msumari mahali ambapo gundi ilitosha. Siku ya mwisho alilisukuma hadi kwenye mizani ya mnunuzi wa mahindi, nalo likawa kilo mia moja themanini na nne. Aliiandika tarakimu hiyo kwa penseli upande wa ndani wa mlango, akatia tarehe na sahihi. Jioni hiyo, baada ya miaka mingi, alitembea huku mikono ameifunga nyuma, kama zama zile za kukagua madawati.

Ofisi ya makazi ilitoa barua ya safari moja ya siku nne, kwenda na kurudi: trela livutwe hadi ofisi ya ukaguzi, Mbarara, na lisipite hapo bila hati ya barabara. Aloysius alikuja na pikapu yake. Nyirabizimana akalazwa ndani ya trela, jiko lake dogo nyuma, kitabu cha nyimbo kando ya mto. Nyuma ya pikapu walipanda wanaume wanne wa chama cha machela cha Kabazana, wakiongozwa na mzee wa kanisa Natanaeli, wakiwa na miti miwili mirefu na kamba. Hawakualikwa. Kwa desturi iliyotoka nao mlimani, mgonjwa akisafiri, wanne huenda naye. Na desturi hiyo ina sharti moja: abebaye asitamke kwamba mgonjwa ni mzito. Atamkaye hutozwa kibuyu cha maziwa.

Mkaguzi aliitwa Conrad, kijana mwenye adabu na kalamu tatu mfukoni. Aliliweka trela juu ya mizani ya ofisi, akasoma.

"Sifuri, Mzee."

"Lina kilo mia moja themanini na nne," Musoni alisema. "Imeandikwa mlangoni."

"Ndani iko nini?"

"Mke wangu."

Conrad aliinama, akamsalimu Nyirabizimana kupitia dirisha dogo, akajibiwa. Kisha akamwomba mama ateremshwe. Wanne wakamteremsha pamoja na jiko na vitu vyake, wakampa kiti kivulini, na mizani ikasoma mia moja themanini na nne kamili. Musoni alikohoa kwa kuridhika. Mama akarudishwa, ikasoma sifuri. Conrad aliitikia kwa kichwa. Alikwisha kukutana na wa namna hii, wa kutoka Nakivale.

"Fomu inataka uzito wa trela ikiwa na mtu. Sifuri haiandikwi. Lakini, Mzee, naweza kuandika ya mizigo. Unaweka sahihi kwamba ndani haiko mtu, unaenda."

"Ndani yumo mtu."

"Najua, Mzee. Ni karatasi tu."

"Miaka kumi na tisa niliwachapa watoto wa watu kwa uongo wa karatasi tu," Musoni alisema.

Aloysius alikanyaga kipande cha sigara yake.

"Sasa, Mzee Musoni! Weka sahihi. Ng'ombe inakamuliwa saa kumi na moja, haingojei mambo ya shule."

Musoni alitazama saa yake. Ilikuwa saa nne kasorobo. Alitazama trela, kazi bora kuliko zote alizopata kufanya, likiwa juu ya mizani isiyoliona. Akatazama kidirisha.

"Mama Muhirwa, unasemaje?"

"Bakiandika siko, ni nani atasikia ng'ombe?" Nyirabizimana alijibu.

Kalamu ikarudi mfukoni mwa Conrad. Mzee Natanaeli aliitwaa miti yake miwili kwenye pikapu, akaipitisha chini ya trela, na wenzake wakafunga kamba.

"Bwana mkaguzi," aliuliza, "machela nayo ina fomu?"

Conrad alifikiri, akafungua kabati, akapekua faili mbili.

"Machela haina," alisema, akaenda mwenyewe kufungua lango.

Wakaliinua begani, magurudumu yakining'inia, wakaishika barabara ya Ibanda. Pikapu ilifuata nyuma tupu, ikiwasha taa za tahadhari. Begani hapakuwa na kitu, mmoja angetosha. Lakini desturi inataka wanne, na inataka abebaye atoke jasho kwa heshima ya abebwaye, nao wakatoka jasho. Karibu na soko, askari mmoja aliyekuwa likizo, akimsindikiza mkewe, aliomba kupokea bega.

"Eh, mama huyu ni kama..."

"Kijana!" Natanaeli alimkemea. "Maziwa ni ghali hapa."

Askari akafunga mdomo, akabeba kilomita mbili, akarudi kwa mkewe akijifuta shingo. Ndani ya trela, Nyirabizimana aliimba nyimbo za Mulenge kwa mpangilio wa kitabu, kuanzia ule wa kwanza. Musoni alitembea kando ya kidirisha, akimsahihisha kila aliporuka ubeti.

Walifika Bwizibwera saa kumi na moja kasorobo, Nyirabizimana akiwa kwenye wimbo wa hamsini na tatu. Wakaliweka trela kando ya zizi, mlango ukielekea ng'ombe. Kellen, mke wa Aloysius, alikuwa tayari amechuchumaa na ndoo yake. Nyirabizimana alifumba macho.

"Ile ya tatu," alisema baada ya muda, "chuchu moja iko na shida. Ya kushoto, ya nyuma. Minasikia inapiga fupi."

Kellen alipapasa, akacheka kwa sauti.

"Banange! Imevimba kweli. Wewe maama, ulikuwa wapi siku zote?"

"Nakivale," Nyirabizimana alijibu.

Alipika uji kwenye rafu ya nyuma, akiwa ameketi, akaugawa kwa wote, na usiku akalala nyumbani kwake. Alfajiri sauti ya maziwa ndani ya ndoo ilimwamsha. Aliomba asimamishwe. Musoni alimshika upande mmoja, Kellen upande wa pili, akapiga hatua moja kuelekea zizini. Alipouondoa mguu, tope lilibaki na unyayo: kisigino, vidole vitano, na maji yakiingia taratibu. Musoni alipiga goti, akatoa rula yake ya mbao, akapima kina chake. Sentimita mbili na nusu. Aloysius alileta mawe, akauzungushia ule unyayo ili ng'ombe wasiukanyage.

Walikaa alfajiri tatu. Siku ya nne wanne walilibeba trela, jepesi kama lilivyokuja, hadi Mbarara, ambako barua ya makazi iliruhusu livutwe kurudi. Ofisini, fomu yao ilikuwa ingali juu ya meza ya Conrad, sehemu ya uzito ikiwa wazi. Conrad alisema ataipeleka kwa wakubwa. Walipoingia Kabazana mvua ilikuwa imenyesha. Nyirabizimana aliteremshwa uani kwa kushikwa mikono, na uani hapakuwa na alama.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi, Angella alimpandisha kwenye mizani. Mshale haukutikisika. Angella alisubiri kidogo, kisha akainua kalamu.

"Binti yangu, ngoja," Musoni alisema.

Alitoa rula mfukoni, akaifuta tope lililokaukia kwenye alama ya mbili na nusu, akaiweka juu ya daftari, sawa na safu ya uzito, na kuishikilia kwa vidole viwili.

"Sasa chora," alisema.

Angella akachora. Mstari ulinyooka.