Mwaka Baba Aliponiambia Niruke

"Ruka!"

Nilijifanya sijasikia. Penseli ilikuwa bado juu ya pembetatu, na nilikuwa na hakika kwamba nikipewa dakika moja tu zaidi, ile pembe itajileta yenyewe.

"Yudith! Nimesema ruka!"

Nikaliruka swali, machozi yakinilengalenga. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, barazani kwangu, mtaa wa Kikuyu mjini, jicho moja limefungwa bandeji, simu yangu ameishika kwa mikono miwili kama kifaranga. Kila ilipolia, alinifokea. Mpaka leo simu ikilia ghafla naacha ninachofanya.

Na huyu, tuelewane, ni Mzee Methusela wa kijijini Haneti. Kwake mstari haurukwi. Tulipokuwa watoto, ukianza mstari wa karanga unaupalilia mpaka mwisho, hata ukutane na gugu lenye mizizi ya kufika kuzimu. Wenzako wataitwa kunywa uji, wewe utabaki nalo. Malezi hayo yalinipa digrii, yakanipa na kazi nzuri mjini. Halafu yakaniangusha.

Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimefanya mtihani wa kompyuta wa kuombea shahada ya uzamili nje ya nchi. Nilitaka kusomea maji yaliyo chini ya ardhi. Nimekulia mahali ambapo mnachimba kisima kwa kubahatisha, mnakuta vumbi, mnahamia pengine. Na ofisini kwetu, idara ya maji, nilichoka kuwasubiri wataalamu wageni waje kutuonyesha pa kuchimba. Alama zilipotoka zilikuwa za aibu. Chuo kikaniambia kitaishikilia nafasi yangu kwa msimu mmoja tu, nirudie mtihani.

Huko nyumbani baba alishatangaza kanisani kwamba binti yake anaondoka. Watu walipomuuliza, ingawa alama alishazijua, akawa anajibu, "Majibu bado." Nami nikienda Haneti nikiulizwa, bado. Jamani, mtihani gani huo wa kusahihishwa mwaka mzima! Kazini wakawa wananiambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mpaka nikaichukia methali yenyewe.

Ndipo baba akaja mjini kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na daktari akamkataza kushika jembe mpaka apone. Jioni moja tukila ugali wa uwele na mlenda, akaniuliza bila kunitazama, "Hasa kilichokushinda ni nini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamweleza: maswali mengi, muda mfupi, gumu na jepesi yana alama sawasawa. Mimi niliganda kwenye magumu. Muda ulipokatika, ya mwisho sikuwa nimeyaona hata kwa macho.

"Na huko mwisho mepesi yalikuwemo?"

"Yalikuwemo, baba."

Akasimamisha tonge hewani. "Yaani uwele umeiva, ndege wanaushambulia, wewe umeinama unang'oa kisiki?"

"Ndiyo, baba."

"Nani amekufundisha ujinga huo?"

Nikamtazama. Naye akanitazama kwa lile jicho lake moja. Tulicheka mpaka ikabidi nimbembeleze anyamaze, asije akatonesha kidonda.

Kesho yake nikampa simu, nimeitega ilie kila muda wa swali moja unapokwisha. Ikiwa peke yake nilikuwa naizima na kuendelea na swali langu, lakini baba hazimiki. Hakuipenda kazi ile hata kidogo. Kila "ruka" ilimtoka kama dawa chungu, na muda ukiisha alinisogelea akaninong'oneza, "Sasa lile la pembetatu, rudi ulimalize basi." Nililimaliza. Nilijivunia baba yangu siku zile kuliko siku yoyote, maana mtu mzima kukubali kusema kinyume cha alichokiishi si mchezo.

Alipopona akarudi Haneti, nami siku ilipofika nikapanda treni kwenda Dar es Salaam. Katikati ya mtihani lilitokea swali la matangi mawili ya maji, swali langu kabisa, la kazi yangu ya kila siku, lakini lilikuwa refu. Sikusikia sauti ya baba kichwani, kama watu wanavyopenda kusimulia. Nilisikia feni. Nikaliacha, roho ikiniuma. Na swali la mwisho nililiona, nikalijibu.

Alama zikatokea kwenye kioo papo hapo. Nikatoka nje, nikampigia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sema kwa nguvu, nimeweka spika. Tuko wengi hapa mashineni."

Nikasikia mtu anaizima mashine ya kusaga. Nikazitaja alama zangu.

"Zinatosha?"

"Zinatosha na kubaki, baba. Naenda kusoma."

Vigelegele vililipuka, sauti ya jirani yetu Mama Loisi ikiwa juu ya zote. Nikangoja vitulie ili niage.

"Nyamazeni kwanza," baba alisema. "Yudith, sasa watajie na zile za mwanzo."

"Baba jamani!"

"Watajie. Mimi mwaka mzima nilishindwa."

Nilikuwa nimesimama kando ya barabara, watu wananipita. Nikavuta pumzi, nikazitaja zote kwa sauti ile ile.

"Mmesikia?" baba akawauliza. "Zote ni za mwanangu."