Rafu ya Masalio

Jumatatu asubuhi seremala mstaafu alichoka kujikwaa. Karakana yake ya nyuma ya nyumba ilikuwa imejaa masalio ya mbao, mengine yameegemea ukuta, mengine chini ya meza ya kazi, maana kipande kilichozidi shubiri moja kwake hakitupwi. Marehemu mkewe alikuwa akisema mwanamume huyu atazikwa navyo. Basi akasimamisha nguzo nne, akapigilia mbao za kushikilia, akapata rafu tatu: virefu chini, vya kati katikati, vifupi juu. Kila kipande alikuwa amekiandika kwa penseli kazi kilikotoka, akavipanga maandishi yakitazama nje.

Jumanne vipande vikaanza kusema. Kila kimoja kilitoa sauti za nyumba ulikokwenda ubao wake. Kilichotokana na mlango wa duka la dawa kilibishwa hodi mchana kutwa. Cha kabati la mwalimu kilikohoa. Seremala akazima redio, akaendelea kupiga randa.

Fundi cherehani wa jirani alileta meza yake ya kupigia pasi, mguu umelegea.

"Nani huyo anakohoa?"

"Mwalimu. Kabati lake liko chumbani kwake."

"Kifua hicho! Mwambie anywe maji ya moto."

"Hasikii. Sauti zinakuja huku tu, haziendi."

"Maskini," akasema fundi, akauliza kazi yake itakuwa tayari lini.

Kwenye rafu ya juu palikuwa na kipande cha meza ya binti yake. Alimtengenezea alipoolewa, meza ya watu saba, lakini sebule ya mkwe ikawa finyu, ikabidi akate nafasi ya mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe, seremala. Hakumwambia yeyote.

Binti alikuwa ameahidi kwamba Jumapili wangekuja wote kula. Ilikuwa Jumapili ya tano kuahidiwa. Seremala akanunua kuku mzima, akafua kitambaa cha meza. Sikio halilali na njaa, na la kwake wiki hiyo lilivimbiwa, kwa maana Jumamosi jioni, akifagia maranda, alisikia kipande cha meza ya binti kikisema kwa sauti ya mkwe:

"Kesho si ni kwa mzee?"

"Tukienda, siku nzima imekwisha," binti akajibu. "Nitampigia. Nitasema gari bovu."

Seremala akamaliza kufagia. Iliuma, tusidanganyane. Iliuma hata akakaa juu ya ndoo ya rangi kwa muda mrefu, ufagio mkononi.

Asubuhi simu ikaita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Baba, gari limegoma kuwaka."

"Poleni. Msijisumbue."

"Jumapili ijayo, baba, bila kukosa."

"Haya, mwanangu."

Mchana akampakua kuku, akabeba sahani na kiti hadi karakana, akaketi karibu na rafu ya juu. Kwa binti vijiko viligonga sahani. Mtu akaomba chumvi. Kisha mjukuu akauliza, "Mama, babu anakula na nani leo?"

"Babu ameshazoea," binti akasema. "Kula, chakula kinapoa."

"Nimezoea, mjukuu wangu," seremala akasema, akang'ata paja. Alishiba mapema, lakini hakuinuka mpaka aliposikia nao wanavuta viti.