Chale za Mzinga wa Babu

Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, na mzee akaingia bila hodi, amekumbatia kipande cha gome la mzinga kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa.

"Shikamoo, mzee," Odeta alisema.

"Marahaba. Namtafuta wakili Glory, yule wa redioni."

Katika chumba kile cha ofisi, mtaa wa Kashaulili, walikuwa mawakili wawili, Odeta na Glory, wenye meza moja. Somo la nembo na alama za biashara Odeta ndiye aliyemfundisha Glory walipokuwa wanafunzi chuoni. Lakini redioni alialikwa Glory, na tangu hapo kila mwenye kesi nono alimuulizia Glory. Odeta alibaki na mirathi na mipaka ya mashamba. Chanda chema huvikwa pete, husema watu. Odeta alijiuliza mbona pete zote ziishie kwenye kidole kimoja.

"Yuko mahakamani, anakaribia kurudi. Karibu kiti umsubiri."

Ndiyo ahadi waliyopeana walipofungua ofisi: mgeni wa mwenzako mpe kiti, kesi yake usiiguse.

Lakini Mzee Methusela, mrina asali wa Inyonga, hakuzoea kukaa kimya. Aliweka chupa ya asali kando ya gome. Kwenye lebo palikuwa na duara lenye mikato, sawasawa na chale zilizochongwa kwenye gome.

"Hii alama ni ya ukoo wetu. Babu alichonga, baba akachonga. Msituni ukiiona, mzinga huo hugusi. Sasa tajiri mmoja hapa mjini kaiandikisha iwe nembo yake. Eti nikiuza asali yenye chale zangu, atanishtaki."

Odeta akainamia gome. "Mzinga wa babu bado uko mtini?"

"Upo. Umekauka tu."

"Na wateja wenu wa zamani?"

"Nusu ya Inyonga, mwanangu."

"Basi kuandikisha si kumaliza. Aliyetangulia kuitumia sokoni naye ana neno."

Mzee akamtazama. "Kumbe wewe unatosha. Nikupe wewe hii kesi."

Odeta alikuwa ameitamani kesi ya namna hii tangu chuoni. Na hakuiba, mwenye kesi ndiye aliyempa.

"Nilimwahidi mwenzangu," alisema mwishowe. "Msubiri, mzee."

Glory akaingia akicheka, joho begani. "We Odeta, umeshamchosha mzee wangu kwa maswali?"

*Mzee wangu.* Neno hilo lilichoma.

"Hajanichosha," mzee alisema. "Nilimpa kesi, akaikataa."

Glory akaacha kucheka.

"Mzinga wa babu yake bado uko msituni," Odeta alimwambia, bila kumtazama. "Anzia hapo."

Kisha akakusanya mafaili yake ya mirathi, akamwachia mwenzake meza, akaenda kukaa barazani.