Namba Tatu

Mama yangu, Aune, alivaa kitufe cha dharura mkononi. Akianguka, anabonyeza, na kituo cha huduma ya wazee hapa Oulu kinapata habari zake kutoka kwenye kompyuta ya kampuni yetu. Programu tuliiandika sisi. Nilijivunia, mjinga mimi.

Januari akaja kazini kwetu Marjukka, miaka arobaini na saba, muuguzi ambaye mgongo ulimgomea akaamua kujifunza kompyuta. Nikapewa nimfundishe.

"Sasa Veikko, hii huduma yenyewe ndiyo nini?"

"Programu ya kituoni inaita kazi iliyoko kwenye kompyuta yetu, kama vile iko kwake. Sisi tunaandika mkataba tu, yaani orodha ya kinachoombwa na kinachorudishwa. Kazi inaitwa TafutaMteja. Unaleta namba ya mteja, unarudishiwa jina, anwani, na ufunguo wa nyumba yake uko ndoano gani kwenye kabati la kituo."

"Na hizi moja, mbili, tatu pembeni?"

"Ndizo zinazosafiri. Maneno yenyewe, 'anwani' au 'ufunguo', hayaendi popote; upande wa pili unaona namba tu. Ufunguo ni tatu, basi."

"Kumbe hata mimi naweza! Na mlivyonitisha!"

Ilikuwa saa nane mchana, saa ya kahawa, na kwetu kahawa haisubiri mtu. Nikainuka. Kanuni moja ikabaki kinywani: namba iliyokwisha kutumika haipewi kitu kingine kamwe, kwa sababu huko nje zipo programu za zamani zinazoisoma kwa maana yake ya kwanza.

Machi kituo kilianza kuacha funguo na kuweka vitasa vya kielektroniki. Marjukka akafuta ufunguo kwenye mkataba, na pale kwenye tatu akaweka idadi ya dawa za mteja. Kazi yake ililetwa kwangu niikague. Ilikuwa Ijumaa, nami nawahi kuvua samaki kwenye barafu. Nikaipitisha bila kuisoma.

Jumanne asubuhi mama alianguka bafuni, akabonyeza. Tawi la mtaani kwao lilikuwa bado na programu ya zamani na kabati la funguo. Mama alikuwa anakunywa dawa aina tisa, na programu ile ikaisoma tisa kama namba ya ndoano. Mhudumu akachukua ufunguo wa ndoano ya tisa, akaendesha gari kwenye theluji dakika ishirini na tano, na ufunguo ukakataa mlangoni. Wa mama ulikuwa ndoano ya sitini na moja. Fundi alipokuja kuvunja kitasa, mama alikuwa amekwisha kufa.

Baada ya mazishi Marjukka alinifuata mezani, macho mekundu.

"Veikko, niambie ukweli. Uliniambia habari ya namba, nikasahau? Kichwa changu siku hizi hakishiki kitu."

Nilitaka kusema hapana. Lakini kumzika mama, na kisha kuwa mimi niliyemuua, yote mawili sikuyaweza.

"Nilikuambia."

Akavua kadi yake ya kuingilia kazini, akaiweka mbele yangu.

"Basi nisamehe," akasema.

"Nimekusamehe," nikamjibu.