Kiti Kisicho na Mikono

Vilikuwa viwili, chake na changu. Nilivitengeneza mwezi mmoja kabla ya harusi yetu, kwa mbao ngumu, vya chini, visivyo na mikono. Mke wangu aliuliza mikono iko wapi. Nikamjibu kwa majivuno kwamba mikono ya kiti ni ya wazee. Enzi hizo karakana nzima iliniita Jeki, maana nilikuwa nabeba kabati la milango miwili peke yangu huku napiga mluzi.

Mwaka huu, yeye akiwa marehemu, Jeki alikwama. Binti yetu alinikuta saa nne asubuhi nimekaa palepale tangu chai, najifanya nasoma gazeti la juzi. Hakudanganyika. Alisema akirudi baada ya miezi miwili na siwezi kuinuka bila kushikwa, nyumba inafungwa, nahamia kwake ghorofa ya nne, ambako hakuna hata pa kuweka randa.

Nikaenda zahanati shingo upande. Mtaalamu wa mazoezi, binti mdogo asiye na haya, aliniminya mapaja kama anayechagua parachichi. Akanieleza kwamba misuli hupungua kwa umri, na ukiiacha bila kazi hupungua haraka zaidi. Nile mayai na maharagwe, nisiishie chai na mkate. Na niinuke kitini mara kumi, asubuhi na jioni, mikono nimeikunja kifuani. Nikalalamika kwamba kiti changu ni cha chini mno.

"Basi kiinue, babu," akasema. "Halafu kishushe taratibu."

Babu, mimi! Lakini kazi hiyo niliijua. Nilikata vipande kumi na sita vya mbao, vinne kwa kila mguu, kila kimoja unene wa kidole, nikavifunga kwa skrubu. Kila baada ya wiki mbili natoa safu moja.

Mwanzoni nilitoka jasho na kuvitukana viti vyote duniani. Wiki ya tano nilifika mara saba bila kupumzika. Safu ya mwisho niliitoa Jumatano. Nikakaa, nikavuta pumzi, nikainuka. Magoti yalilia, lakini nilisimama. Nikageukia kiti cha pili, kwa mazoea tu, nimtambie mke wangu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka miaka yake ya mwisho, amekaa pale kutwa nzima. "Niletee maji, Jeki," alikuwa akisema. "Nimenogewa na kiti chako." Nami nikiwasimulia wateja jinsi mke wangu anavyokipenda kiti nilichomtengenezea, hataki hata kukiacha.

Kumbe alikuwa hawezi kuinuka. Hakutaka kuniaibisha kwa kiti nilichojivunia, akanyamaza. Nililia siku ile kuliko nilivyolia msibani.

Binti yetu alipofika Jumamosi niliinuka kumpokea. Alinikumbatia, akasema basi, baki na randa zako. Kisha akaangalia chini, akauliza mbona kiti cha mama sasa ndicho chenye vipande vya mbao miguuni.

"Nilichelewa," nikamwambia.