Daraja la Biashara

Siku seremala alipofariki, bomba la uani halikufungwa tangu asubuhi mpaka watu walipolala. Majirani walijaza mapipa, mashangazi waliosha masufuria, na mafundi wa karakana yake walinawa vumbi la mbao kabla ya kuingia kumuaga. Mjane alikaa chumbani juu ya godoro, akiitikia pole, akisikia maji yakimiminika nje. Sauti ile ilimpa faraja kidogo, maana nyumba ilikuwa na watu. Wiki nzima ikawa hivyo.

Bili ilipokuja, alidhani ni ya mtu mwingine. Akaenda nayo ofisi ya maji.

"Mama, mmepandishwa daraja la biashara," alisema karani, binti mpole aliyebanwa na mafua. "Tangu mabadiliko ya bei, nyumba ikivuka kiwango cha matumizi, mashine inaipandisha yenyewe. Na ada ya maji taka inafuata maji safi, kwa hiyo nayo imepanda."

"Biashara gani, mwanangu?"

"Kwa matumizi haya, mashine inadhani mna nyumba ya wageni."

"Wageni walikuwepo. Hakuna aliyelipia kitanda."

Karani alicheka, akauliza ni wageni gani. Alipoambiwa, aliinamisha uso, akampa pole. Lakini kumshusha hakuweza. Ilibidi nyumba ikae chini ya kiwango miezi mitatu mfululizo. Ikivuka tena, hesabu inaanza upya. Mjane sasa aliishi kwa kodi ya karakana aliyowapangisha mafundi, na kodi ile isingebeba bili nyingine kama hii.

Jioni shemeji yake alikuja kupanga shughuli ya kumkumbuka marehemu.

"Ukoo mzima utakuja, shemeji. Tutajaa mpaka barabarani."

"Hapa hapana."

"Hapana nini?"

"Mkijaa hivyo, bomba litakuwa wazi kutwa. Bili ikija siiwezi, watanikatia."

"Tangu lini msiba ukapimwa kwa mita? Watu watasema umetufungia mlango. Nyumba hii kaka kaijenga kwa mikono yake."

"Waache waseme. Yeye kaijenga, mimi ndiye nitakayekaa ndani yake bila maji. Au utalipa wewe?"

Shemeji alijikuna kisogo. Kuahidi alikuwa hodari, kutoa ndiko kulikomshinda, na wote wawili walilijua hilo.

"Haya, usinitolee macho. Njooni kwangu. Ila mke wangu utamwambia wewe."

Mjane aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ametaka ifanyike pale pale uani, kwenye sakafu aliyoimwaga marehemu mwenyewe, lakini hilo hakulisema. Kesho yake alikwenda kwa mke wa shemeji, wakapatana nani apike na viti viazimwe wapi.

Shughuli ni Jumamosi, nyumbani kwa shemeji. Mabadiliko hayajafika mtaa ule, na maji yao bado ni ya bei ya zamani.