Bado Anafaa

Elmina, jirani anayeuza maziwa kambini, alisema aliona kwa macho yake mwenyewe. Ati daktari wa jeshi, kapteni mmoja mrefu mwenye miwani, alipiga magoti kwenye matope ya dipu ya kuogeshea ng'ombe, akamwinua Kipchirchir kichwa, akamnywesha maji polepole. Ati alimshona mguu kwa upole na kumwambia, "Pole, ndugu."

"Huyo ni mtu wa Mungu, Chepkorir," Elmina alisema. "Mfungwa akipata daktari kama huyo amepata baba."

Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, wakati wa vita vya makabila. Wanajeshi walikuwa wamepiga kambi kwenye dipu karibu na Sigor, wakisaka mishale na watu waliochoma nyumba. Kipchirchir, kaka yake Chepkorir, alikuwa na siku ya tano mle ndani.

Kwao mtu aliyekutendea wema hashukuriwi kwa mdomo mtupu. Chepkorir alichukua kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, kilichowekewa wageni, akashika njia.

"Hiyo ni rushwa ama chakula changu cha mchana?" sajini wa langoni alimuuliza.

"Ni asante ya daktari."

Sajini alicheka, akampeleka hadi hemani. Daktari alikunywa kikombe kizima, akasifu mkono uliogandisha maziwa hayo. Chepkorir aliinamisha kichwa, akamwombea baraka.

Ndipo Kipchirchir akaletwa, ameshikwa makwapa na askari wawili. Uso ulikuwa umevimba hata macho hayaonekani. Daktari alimshika kifundo cha mkono, akatazama saa. Akambonyeza mbavu moja moja, akamgeuza, akamgeuza tena. Chepkorir alikuwa ameona mikono ya namna hiyo kwenye kituo cha majani chai. Karani huyachota, huyapindua, huyanusa, aone kama yatapita.

"Mbavu mbili zimevunjika," daktari alimwambia sajini. "Mguu nimeshona, msiuguse. Mgongo bado mzima. Anaweza kuendelea mpaka jioni. Akizimia mniite."

"Huyu daktari wetu ni dawa," sajini alimwambia Chepkorir, akicheka. "Tangu aje, hatujapoteza mtu hata mmoja."

Wakamburuta Kipchirchir nje, wakasimama naye wakingoja karatasi ya daktari. Chepkorir alitazama weupe wa maziwa ya nyumbani kwao kwenye masharubu ya yule mtu. Baraka aliyomtamkia aliisikia mdomoni kama kitu kilichooza. Akatema mate chini, hapo hapo hemani.

Daktari aliyaona. "Mimi simpigi mtu, dada," alisema. "Namtibu. Bila mimi huyo angekufa siku ya kwanza."

"Humtibu apone, daktari. Unamtibu atoshe kupigwa tena."

"Nina wakubwa wangu."

"Lakini wanangoja karatasi yako. Nimewaona. Hawamgusi kabla hujaandika."

Daktari aliketi, akavuta karatasi, akaandika tarehe, akaandika jina. Sajini alisimama mlangoni, mkono umenyooshwa tayari.

"Ni neno moja tu," Chepkorir alisema. Sauti yake ilikuwa chini, kama ya mtu anayeongea na mgonjwa. "Andika hawezi."

Daktari alivua miwani, akaanza kuipangusa kwa pindo la shati.

"Andika hawezi, daktari."

Alipangusa kioo kimoja, akahamia cha pili.